Mwongozo Kamili: Siku Yako ya Kwanza Efteling Ukiwa Umezoea Disneyland Paris

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye Disneyland Paris ameizoea kama mtaa wake. Unajua kwamba chini ya kasri kuna joka la kutisha ambalo wageni wengi hupita juu yake bila habari. Unajua foleni ya Big Thunder Mountain ikifika wapi ndipo ufe moyo. Watoto wako wanaimba nyimbo za gwaride kabla gari halijatoka barabara kuu. Sasa mmeamua, au mmeshawishiwa, kwenda Efteling, bustani ya michezo ya Uholanzi, kwa mara ya kwanza.

Mimi ni wa kabila hilo hilo. Disneyland Paris ilikuwa bustani yangu pekee kwa miaka mingi, na bado naipenda. Lakini naandika haya kwa sababu naona watu wetu wakienda Efteling na mazoea ya Paris kichwani, wanakimbizana na rolakosta, vile vigari vya kasi vya kwenye reli, kutwa, wanapita pembeni ya vitu vizuri kabisa, kisha wanarudi wakisema "ni pazuri, ila si Disney." Efteling ina mwendo wake. Ukiufuata mwendo huo utapata siku ambayo Paris haiwezi kukupa. Ukija na mwendo wako, utachoka bure.

Kwa Waswahili wanaoishi Ubelgiji, kuanzia Wakongo na Warundi wa Brussels hadi Watanzania na Wakenya waliotawanyika Antwerp na Ghent, kuna sababu ya ziada: Efteling iko karibu kuliko Paris. Kutoka Antwerp ni kama saa moja kwa gari, barabara ikiwa nzuri.

Kabla ya yote: jua unakwenda kwa nani

Efteling iko Kaatsheuvel, kijiji cha mkoa wa Noord-Brabant, kusini mwa Uholanzi. Ilifunguliwa tarehe 31 Mei 1952. Disneyland ya kwanza, ile ya California, ilifunguliwa Julai 1955. Kwa hiyo unakwenda kumtembelea mkubwa kwa umri, na ni vizuri uingie na heshima hiyo. Utasikia watu wakidai kwamba Walt Disney alikuja Kaatsheuvel kunakili. Ushahidi wa dai hilo hakuna, liache lipite.

Lililo hakika ni kwamba bustani hii ilianza na msitu, na msitu ule ulichorwa na mtu mmoja: Anton Pieck, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1895. Aliyemsaidia kuifanya michoro isogee na kutoa sauti alikuwa Peter Reijnders, fundi mwenye akili ya kuchezea mashine na taa. Pieck alishikilia jambo moja: vitu vijengwe kwa vifaa vya kweli. Tofali liwe tofali, mti uwe mti, kigae kiwe kigae. Ukipapasa ukuta wa nyumba ndani ya msitu utaelewa. Kuta zimeinama kidogo, mapaa yamebonyea, na hakuna mstari ulionyooka sana, kwa sababu ndivyo alivyochora.

Na mwenye mali ni wakfu. Hisa zote za kampuni ya Efteling ziko mikononi mwa taasisi iliyoanzishwa mwaka 1950 kwa ajili ya bustani yenyewe. Nadhani hilo linaonekana kwenye miti, kwenye mabwawa, na kwenye ile hali ya kuachiwa nafasi ya kutembea bila kuuziwa kitu kila hatua.

Kuchagua siku na kununua tiketi

Bustani iko wazi siku zote 365 za mwaka, utaratibu ulioanza 2010. Kwa hiyo swali ni siku gani watu ni wachache.

Tiketi hununuliwa mtandaoni kwa tarehe maalumu na bei hupanda na kushuka kulingana na siku, jambo ambalo umeshalizoea Paris. Watoto walio chini ya miaka 4 huingia bure. Nunua mapema, na kama mnakwenda kwa gari lipia maegesho hapo hapo, maana maegesho yana bei yake.

Kuhusu likizo uwe mwangalifu kuliko unavyokuwa Paris. Uholanzi imegawa shule zake katika kanda tatu, kaskazini, kati na kusini, na tarehe za likizo hutofautiana. Ongeza likizo za Ubelgiji na za Ujerumani jirani, ndipo utaona kwamba juma unalodhani ni la kawaida linaweza kufurika. Kipindi cha Kanivali, mwishoni mwa msimu wa baridi, ni likizo kubwa kwa watu wa Brabant. Mimi huchagua Jumanne au Alhamisi nje ya likizo zote, na ikiwezekana mwezi wa Novemba kabla ya pilikapilika za Desemba au Machi kabla ya Pasaka.

Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa matengenezo kwenye tovuti yao. Efteling hutangaza mapema mchezo gani utafungwa na kwa muda gani. Msimu wa baridi michezo ya maji kama Piraña inaweza kusimamishwa. Usimwahidi mtoto kitu ambacho hujakihakikisha hapo.

Kufika

Kwa gari hakuna la ajabu: fuata vibao vya Kaatsheuvel, vipo vingi.

Kwa treni, kutoka Brussels unapita Antwerp hadi Breda, kisha unachukua treni ya Uholanzi hadi Tilburg. Pale nje ya stesheni kuna mabasi yanayokwenda Efteling na kushusha watu karibu na lango. Unaweza pia kupitia 's-Hertogenbosch. Ndani ya Uholanzi huhitaji kusimama dirishani kukata tiketi: gusa kadi yako ya benki kwenye mashine unapopanda, gusa tena unaposhuka. Mambo mawili ya kuzingatia. Kila mtu awe na kadi yake, kadi moja haibebi watu wawili. Na usisahau kugusa unaposhuka basi, la sivyo utakatwa pesa zaidi ya nauli.

Msitegemee kitu kama kule Marne-la-Vallée, ambako treni inakushusha mlangoni pa bustani. Hapa basi ni sehemu ya safari, kwa hiyo ongezeni muda.

Langoni

Simama kidogo kabla ya kuingia utazame juu. Lango linaitwa Huis van de Vijf Zintuigen, yaani Nyumba ya Milango Mitano ya Fahamu. Lilijengwa mwaka 1996 kwa michoro ya Ton van de Ven, aliyerithi kazi ya Pieck. Paa lake limeezekwa kwa matete, lina vilele vitano vilivyochongoka kwenda juu, na ni miongoni mwa mapaa makubwa ya namna hiyo duniani. Mtu aliyekulia chini ya paa la makuti atajua haraka ni kazi ya mikono mingapi kuyafunga yale matete mafungu kwa mafungu kwenye mteremko ule mkali. Sogea chini ya ukingo uone unene wake.

Kuisoma ramani

Hapa ndipo mazoea ya Paris yanapokuangusha mapema. Disneyland Paris ina kasri katikati na njia zinazotawanyika kutoka hapo, kwa hiyo hata ukipotea unatafuta mnara wa waridi na mambo yanakwisha. Efteling haina kitovu cha namna hiyo. Ni bustani ya miti, ndefu, njia zinapinda, na kutoka pembe moja hadi nyingine ni mwendo wa kutosha kumfanya mtoto wa miaka mitano aombe kubebwa.

Imegawanywa katika himaya. Marerijk ndiyo ya kale: kuna Msitu wa Hadithi, Droomvlucht na Villa Volta. Reizenrijk ni ya safari: Carnaval Festival, Vogel Rok na Pagode. Anderrijk ina Fata Morgana, Danse Macabre na rolakosta pacha za Max & Moritz. Ruigrijk ni ya wenye roho ngumu: Python, Baron 1898, Joris en de Draak, De Vliegende Hollander. Katikati yao iko Fantasierijk yenye jumba la Symbolica.

Pakua programu ya Efteling kwenye simu usiku uliotangulia. Ina ramani, muda wa foleni na saa za maonyesho, na inafanya kazi kwa lugha kadhaa. Kisha, mapema asubuhi kama haina watu, pandeni Pagode. Ni hekalu linaloinuka taratibu hadi mita 45 kwenye mkono mrefu wa chuma. Kutoka juu utaona himaya zote na umbali kati yake, na ramani itaanza kukaa kichwani.

Saa ya kwanza

Saa ya kwanza foleni ni fupi, itumieni kwa vitu viwili tu.

Cha kwanza ni Danse Macabre. Ulifunguliwa tarehe 31 Oktoba 2024 mahali palipokuwa na Spookslot, jumba la mizimu la mwaka 1978 ambalo Waholanzi walililia lilipofungwa mwaka 2022. Muziki ni ule ule wa mtunzi Camille Saint-Saëns, na mnaketi kwenye viti vya kwaya ndani ya kanisa lililobomoka. Sitasema zaidi kuhusu kinachotokea sakafuni. Kama unaipenda Phantom Manor, jumba la mizimu la Paris, nenda bila kutazama video yoyote. Foleni yake huwa ndefu mno baadaye, na siku nyingine huendeshwa kwa nafasi za kuchukua kwenye programu ya simu, kwa hiyo angalia programu ukishaingia tu.

Cha pili ni Symbolica, jumba la Pardoes, mcheshi wa mfalme ambaye ndiye sura ya bustani. Ulifunguliwa mwaka 2017 na uligharimu euro milioni 35, uwekezaji mkubwa kuliko wowote waliokuwa wamefanya hadi wakati huo. Gari lake halina reli, linazunguka ndani ya jumba kama lile la panya mpishi kule Paris. Mtaulizwa mchague njia: ya mashujaa, ya muziki au ya hazina. Tofauti yake ni chumba kimoja tu, msigombane.

Mashabiki wa rolakosta watataka kwenda Ruigrijk kwanza. Sikatazi, Baron 1898 asubuhi na mapema ni raha. Lakini michezo ya Ruigrijk ina foleni za mtu mmoja mmoja, za walio tayari kuketi mbali na wenzao ili wajaze viti vilivyobaki; Danse Macabre na Symbolica zinakuadhibu zaidi ukichelewa. Symbolica nayo ina foleni hiyo, ila familia hazipendi kutenganishwa mle.

Baada ya hapo acheni kukimbia. Nasema hivi kwa uzito. Yule mtu aliyezoea Paris anaendelea kutazama simu, anahesabu dakika, anapanga mchezo wa tatu na wa nne. Saa tano hadi saa nane mchana, foleni zikiwa katika kilele, nendeni mahali pasipo na foleni.

Msitu wa Hadithi, na jinsi ya kuutembea

Sprookjesbos, Msitu wa Hadithi, ulianza na hadithi kumi mwaka 1952. Leo ziko karibu thelathini, zimetawanyika chini ya miti mirefu. Huingii kwenye gari. Unatembea, unasogea dirishani, unachungulia. Tengeni saa mbili. Nikimwona mtu anaumaliza kwa dakika ishirini huwa namwonea huruma.

Sikilizeni kabla ya kutazama. Uyoga mwekundu wenye madoa meupe, uliopangwa pembeni ya njia, unatoa muziki; mwambieni mtoto ainame aweke sikio. Nyumba ya mbuzi saba ina dirisha la kuchungulia. Kwenye mnara wa Raponsje, msichana wa nywele ndefu, mchawi anapanda taratibu kwa kushika msokoto wa nywele. Viatu vyekundu vinacheza dansi vyenyewe uwanjani, miguu haimo ndani yake.

Langnek, yule mtumishi mwenye shingo ndefu, ameketi pale tangu siku ya ufunguzi. Shingo inapanda, inapanda tena, anatazama huku na huku juu ya miti, kisha inashuka. Watoto wadogo husimama hapo muda mrefu kuliko kwenye mchezo wowote wa mamilioni.

Nendeni kwenye kasri la Binti Aliyelala. Nawe umezoea kasri la hadithi hiyo hiyo kule Paris, kubwa na la kung'aa. Hili ni dogo, la mawe, limefunikwa na mimea. Pandeni ngazi mkamtazame binti kitandani. Tazama kifua chake. Kinapanda na kushuka, polepole, kama mtu aliyelala kweli. Nimeona mama mmoja akimnong'oneza mwanawe asipige kelele asije akamwamsha, naye hakuwa anatania.

Fakiri Anayeruka hupiga filimbi na maua ya tulipu yanachomoza ardhini, kisha anapaa kwenye zulia kutoka mnara mmoja hadi mwingine. Karibu na njia utakuta pia Indische Waterlelies, iliyofunguliwa mwaka 1966. Hadithi yake iliandikwa na Fabiola, malkia wa Ubelgiji. Shukeni ndani ya pango, ngojeni lianze upya ili mlione lote: bata na vyura wanapiga muziki, mayungiyungi yanafunguka, na ndani ya kila ua kuna kisura anayecheza. Kazi ya nusu karne na zaidi, na watu wazima bado hunyamaza mle.

Yuko pia msichana wa viberiti. Ni hadithi ya huzuni, mtoto anakufa kwa baridi usiku wa mwaka mpya, na Efteling haikuificha huzuni hiyo. Mzazi ajiandae kujibu maswali.

Halafu kuna Holle Bolle Gijs, mlafi mnene mwenye mdomo wazi, anayepiga kelele "Papier hier!" kuomba karatasi. Wa kwanza aliwekwa mwaka 1959. Mtoto akisogeza karatasi mdomoni inavutwa kwa upepo, naye anashukuru. Utaona watoto wakihangaika kuokota takataka za watu wengine ili wapate kumlisha. Wekeni akiba ya karatasi mfukoni.

Ushauri mmoja wa maandalizi: wasimulieni watoto hadithi hizi nyumbani, kwa Kiswahili, siku chache kabla. Sauti za msituni nyingi ni za Kiholanzi. Mtoto anayeijua hadithi hahitaji tafsiri, na nimeona watoto wetu wakigeuka kuwa wasimulizi kwa wenzao pale dirishani.

Ndugu wa michezo unayoijua

Utalinganisha, huwezi kujizuia. Basi linganisha vizuri.

Ukipenda Pirates of the Caribbean, panda Fata Morgana ya mwaka 1986. Mashua inapita mto wenye giza, inaingia sokoni, bandarini, gerezani, hadi jumba la sultani. Ni ulimwengu wa Alfu Lela Ulela jinsi Mzungu alivyouwazia. Mtu wa Unguja au Lamu atatabasamu mahali pamoja na kukunja uso pengine, hasa ndani ya jumba la sultani. Ila kazi ya mikono kwenye soko lile, mizani, vikapu, wauzaji wanaogeuza vichwa, ni ya hali ya juu. Kaa kiti cha nyuma uone zaidi.

Vogel Rok ya mwaka 1998 ni rolakosta ya gizani yenye muziki masikioni, kama Space Mountain lakini bila kupinduliwa. Ndege mkubwa aliye juu ya lango ni Rukh wa hadithi za Sindbad.

Carnaval Festival ni jibu lao kwa "it's a small world", na wimbo wake utakufuata hadi nyumbani. Ulianza mwaka 1984. Hapa kuna jambo ambalo mzazi Mwafrika anafaa alijue. Kwa miaka mingi Efteling ilikuwa na michoro ya dhihaka ya watu wa mataifa mengine, na mbaya kuliko yote ilikuwa Monsieur Cannibale, vyungu vya kuzunguka vyenye sanamu ya mpishi wa Kiafrika anayekula watu. Ulikuwa pale tangu 1988 licha ya malalamiko. Ulifungwa mwaka 2021 na mahali pake pakawekwa Sirocco, mchezo wa mabaharia wa Sindbad. Carnaval Festival nayo ilifanyiwa marekebisho. Ilichukua muda mrefu mno, nami nafurahi kwamba leo naweza kumpeleka mtoto pale bila kumfunika macho.

Villa Volta haina ndugu Paris. Ni ya mwaka 1996, nyumba ya mwanamume aliyelaaniwa, na mchezo wa kwanza wa aina yake duniani. Mnaketi kwenye mabenchi, kisha nyumba inaanza kugeuka. Simulizi la utangulizi ni refu na la Kiholanzi, vumilieni.

Na Droomvlucht. Inafaa ujue historia yake. Euro Disney, jina la kwanza la Disneyland Paris, ilipokuwa inakuja, ikafunguliwa Aprili 1992, Efteling ilitaka kuipokea kwa kitu chake kikubwa. Vifaa vikaleta matatizo, ukafunguliwa mwaka 1993. Unaketi kwenye kigari kinachoning'inia, unapita juu ya misitu ya visura na mazimwi, ndani ya makasri yanayoelea, kisha unashuka kwa mzunguko gizani na manukato ya msitu puani. Hakuna kicheko kikubwa wala mshituko. Ukiuliza Mholanzi aliyekulia miaka ya tisini anapenda nini Efteling, usishangae akikutajia huu. Mimi pia nautaja wa kwanza.

Kwa wenye roho ngumu

Baron 1898, ya mwaka 2015, inakuning'iniza ukingoni mwa shimo la mgodi, inasita, kisha inakuachia mita 37.5 wima kwa kilomita 90 kwa saa. Kimo cha chini ni sentimita 132. Joris en de Draak ni rolakosta mbili za mbao zinazoshindana; mkishinda mtashangiliwa, mkishindwa mtaambiwa. Kimo sentimita 110. Python ni ya mwaka 1981, inapindua mara nne, na reli yake ilijengwa upya mwaka 2018, sentimita 120. De Vliegende Hollander inaanzia gizani baharini na kuishia majini. Mpime mtoto akiwa na viatu nyumbani ili kusiwe na machozi mlangoni.

Efteling haikuuzii njia ya kuruka foleni kama Premier Access ya Paris. Njia ya mtu mmoja mmoja ndiyo msaada wako, ipo Baron, Joris na Vliegende Hollander. Wazazi wenye mtoto mdogo wamwombe mhudumu wapokezane: mmoja apande, mwingine abaki na mtoto, kisha wabadilishane bila kupanga foleni upya.

Kula

Unaruhusiwa kuingia na chakula chako, na kuna mabenchi mengi chini ya miti. Wali wenu na kuku kwenye kontena havitamshangaza mtu.

Ukinunua, onja poffertjes, vichapati vidogo vilivyoumuka vinavyomwagiwa siagi na sukari laini, mtu wa vitumbua atavipenda. Chipsi na mayonesi zipo kila kona. Chapati za maji zao, pannenkoeken, ni kubwa na nyembamba. Nyingi huwekwa nyama ya nguruwe, kwa hiyo asiyekula aseme "zonder spek". Frikandel, ile soseji ndefu ya kukaanga, huchanganywa nyama za aina kadhaa, nguruwe akiwemo. Ukiwa na shaka kaa na chipsi au chapati ya jibini.

Mavazi na mvua

Brabant hunyesha bila kukuarifu. Koti la mvua jepesi, viatu vya kutembea, soksi za akiba kwa watakaopanda Piraña. Mwavuli ni mzigo. Mvua ikinyesha, nendeni Droomvlucht, Fata Morgana au mabembea ya farasi ya zamani kwenye Stoomcarrousel, ambako unaweza kuketi ndani ukasikiliza kinanda kikubwa cha mitambo.

Jioni

Usingoje kasri liwake taa na fataki. Hapa siku hufungwa na Aquanura, onyesho la maji, moto na muziki kwenye bwawa kubwa, lililoanza mwaka 2012. Angalia saa kwenye programu, fikeni mapema kidogo, msimame upepo ukiwa nyuma yenu, kwa kuwa maji hupeperuka.

Watu wote hutoka pamoja likiisha. Wenye gari, kaeni kidogo madukani langoni foleni ya maegesho ipungue. Wa basi wafanye kinyume: simameni upande wa lango, tokeni mara muziki unapokwisha, na saa ya basi la mwisho la kwenda Tilburg iwe imeandikwa kwenye simu tangu asubuhi. Ukitoka Brabant kwenda Brussels usiku, treni hupungua sana baada ya saa nne.

Kama mfuko unaruhusu, laleni kwenye hoteli au nyumba za bustani yenyewe, kwa mfano Bosrijk au Loonsche Land. Malazi hayo huja na kiingilio cha bustani kwa muda wote wa kukaa, siku ya kufika na siku ya kuondoka zikiwemo. Kwa usiku mmoja mnapata siku mbili. Ya kwanza ipangeni kama nilivyoeleza, na ya pili rudini msituni asubuhi milango inapofunguliwa, kabla basi la shule la kwanza halijafika.